Uso wa bibi umekuwa kijani: nilipie programu ya picha au nibaki na za bure?

Ndugu Mshauri,

Sijui kama wewe ni wa kuamkiwa au wa kuniamkia, kwa hiyo shikamoo naiacha hapa mlangoni. Ukiwa mdogo wangu utanirudishia. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika sekondari moja hapa Moshi, nina miaka arobaini na mitatu, na nina ugonjwa ambao mume wangu anauita "kamera".

Kamera yenyewe ni Canon EOS 600D, toleo la mwaka 2011, niliyonunua kwa shemeji yangu alipopata mpya. Sipigi harusi wala mahafali kwa malipo. Napiga Kibo nikiwa nyuma ya nyumba saa kumi na mbili asubuhi, kabla mawingu hayajafunga (ikifika saa tatu mgeni anaweza kubisha kwamba hapa kuna mlima). Napiga akina mama wa ndizi pale Kiboriloni wakinikubalia. Na kila Desemba, ukoo ukirudi nyumbani Kibosho, mpiga picha ni mimi, hakuna anayeniuliza.

Desemba iliyopita nilimpiga bibi. Amekaa kwenye kigoda kihambani (shamba la migomba la nyumbani), nyuma yake migomba na uzio wa masale, kisu mkononi anamenya ndizi, akageuka kumcheka kitukuu aliyekuwa anamfukuza kuku. Nilibonyeza mara moja tu. Machi akatutoka. Ndiyo picha pekee ya miaka yake ya mwisho ambayo anacheka, maana bibi akiiona kamera alikuwa anakaza uso kama yuko kituo cha polisi. Familia imepanga misa ya kumbukumbu Desemba hii wakati wote tuko nyumbani, na mimi nimepewa jukumu la kuandaa picha hiyo ichapishwe kubwa, isimame mbele kanisani.

Tatizo ni kwamba uso wa bibi ni wa kijani. Ilikuwa mchana, jua limesimama, na mwanga wote uliomfikia ulipita kwanza kwenye majani ya mgomba. Klorofili inanyonya nyekundu na bluu, kijani inakiachia kipite. Nimelifundisha somo hilo miaka kumi na sita, sikujua kwamba litakuja kunifuata usoni mwa bibi yangu. Pale kihambani sikuona chochote, kwa kuwa jicho linajirekebisha lenyewe. Kamera haijirekebishi hivyo.

Nilianza na Snapseed kwenye simu, programu ya bure ya Google, ambayo kwa picha za kawaida sina ugomvi nayo. Nikatumia JPEG, faili la kawaida ambalo kamera imekwisha kulibana. Nikivuta kijani kitoke usoni, majani yanakufa, kitenge chake kinapauka, na ngozi inakuwa na rangi ya majivu. Nikajua baadaye kwa nini. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati faili la RAW (data ghafi, kabla kamera haijaipika) la kamera yangu lina biti 14, yaani ngazi 16,384. Kwenye JPEG nilikuwa nakamua chungwa lililokwisha kamuliwa. Kwa bahati shemeji aliniuzia kamera ikiwa imesetiwa kupiga RAW na JPEG kwa pamoja, nami kwa uvivu sikuwahi kugusa hiyo setingi. Uvivu huo ndio umeniokoa.

Sasa niliposikia habari ya RAW nikapeleka laptopu kwa fundi mmoja mjini nikiulizia Lightroom, programu ya kulipia ya kuhariri RAW. Akaniambia, "Mwalimu, Lightroom ya kulipia ya nini? Nakuwekea ya kraki, elfu kumi na tano, unatumia maisha." (Kraki ni programu iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa.) Akazima kwanza programu ya kuzuia virusi, ati "inasumbua", kisha akaweka. Nilifurahi wiki tatu. Siku moja nafungua folda ya Krismasi nakuta kila faili limeongezewa herufi nisizozijua mwishoni, halifunguki, na kuna barua ya Kiingereza inanitaka nilipe kwa bitcoin nirudishiwe picha zangu. Miaka sita ya picha, Mshauri. Fundi akasema nimefungua kiambatisho kibaya kwenye barua pepe. Labda. Kuthibitisha siwezi, ila nakumbuka ni nani aliyezima ile kinga.

Ile ya bibi ilipona kwa sababu kadi ya Desemba ilikuwa imejaa, nikaitupa kwenye droo na kununua nyingine. Sasa ina nakala tatu: moja kwenye droo, moja kwenye flashi kwa dada yangu Himo, moja kwa mpwa wangu.

Tangu hapo nimekuwa kama mtu anayejaribu viatu sokoni Memorial. Kila programu nisikiayo, naijaribu kwa picha ile ile ya bibi.

Ya kwanza ilikuwa ya Canon wenyewe, Digital Photo Professional. Ni ya bure kwa mwenye kamera yao. Rangi ilirudi vizuri papo hapo, kwa picha nzima. Ila nikitaka kugusa uso peke yake na kuacha majani yabaki kijani, hapo nikakwama. RawTherapee nayo ni bure, na kwenye mashine yangu haikuwa mzigo sana, lakini vitufe vyake ni vingi hata nikasahau nilichokuwa natafuta. GIMP nilikuwa naifahamu tangu chuoni. Hiyo haifungui RAW yenyewe, inakutuma kwanza kwa darktable au RawTherapee.

Basi nikaenda kwa darktable. Hii nayo hailipiwi, imetengenezwa na watu wanaojitolea, na ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu. Kinachonivutia ni kwamba haiigusi picha ya asili. Kila unachofanya inakiandika kwenye kafaili kadogo kando yake, kwa hiyo ukiharibu unafuta hatua na kurudi mwanzo. Nilichora duara kuzunguka uso, nikapunguza kijani ndani ya duara tu, nikalainisha ukingo. Jioni mbili. Bibi akaanza kurudi. Lakini laptopu yangu ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 4 na diski ya zamani inayozunguka. Nasogeza kitufe, naenda jikoni kuonja mboga, narudi ndipo picha inabadilika. Ukifanya hivyo mara hamsini unasahau ulikuwa unatafuta rangi gani. Jioni ya tatu niliona bibi amekuwa wa zambarau, nikafunga nikaenda kulala.

Mwezi uliopita nikaenda Arusha kwa mpwa wangu, Njiro. Yeye ana laptopu mpya, gigabaiti 16, na akaniwekea Lightroom halali ya majaribio, ile ya siku saba. Mshauri, nilibofya mara moja, programu ikamtambua mtu ni yupi na migomba ni ipi. Nikabofya tena, ikachagua ngozi ya uso peke yake. Dakika kumi, na bibi alikuwa pale, na rangi yake, na kile kitenge chake, na majani ya nyuma yakiwa kijani kama yalivyoumbwa. Nililia kidogo. Mpwa akajifanya anatafuta chaja.

Nikarudi Moshi na uamuzi mkononi: nalipia. Kisha nikakaa na kalamu.

Bei niliyoiona mimi ni dola 11.99 kwa mwezi. Ukihesabu dola kwa Sh2,500 ni kama elfu thelathini, na kwa mwaka laki tatu na sitini. Ingawa unalipa kila mwezi, huo ni mkataba wa mwaka mzima: ukijitoa baada ya siku 14 za mwanzo, unatozwa nusu ya fedha za miezi iliyobaki. Ndani yake kuna hifadhi ya terabaiti moja mawinguni, yaani kwenye mtandao. Sisi wa Moshi mawingu tunayo ya kutosha, na RAW moja ya kamera yangu ni kama megabaiti 25, yaani picha arobaini zinamaliza gigabaiti nzima ya bando. Hiyo hifadhi nitailipia bila kuitumia. Tena siku nikiacha kulipa, picha zangu nitaendelea kuziona, lakini chumba cha kuzihariri kinafungwa, na kazi niliyokwisha fanya haihamii kwenye programu nyingine ikabaki vile vile. Zamani ungeweza kuinunua mara moja ukaimiliki. Toleo la mwisho la namna hiyo lilikuwa la 6, mwaka 2015.

Mkononi nina laki nne za mgao wa kikoba. Laki nne hizo hizo, fundi mwingine (wa sasa nimemchagua kwa kuuliza kwa watu watano) anasema zinatosha kuongeza RAM ifike gigabaiti 8, kubadilisha diski iwe SSD (ile isiyozunguka, yenye kasi), na kununua diski ya nje ya kuhifadhia nakala, nikabaki na nauli ya Kibosho. Lakini zikienda huko, Lightroom sina. Zikienda Lightroom, nayo inataka angalau RAM ya gigabaiti 8, ambayo sina!

Na hapo ndipo penye swali langu hasa, ambalo lilinijia nikiwa nasimamia mtihani wa kidato cha pili, darasa limetulia. Kule Njiro, nilipenda programu, au nilipenda kompyuta ya mpwa wangu? Darktable nimeijaribu kwenye mashine inayokokota miguu, Lightroom nimeijaribu kwenye mashine inayoruka. Mwanafunzi wangu akiniletea jaribio la namna hiyo, mbegu moja kaipanda kwenye udongo wa kihambani na nyingine kwenye changarawe, halafu anatangaza mbegu bora ni ipi, ningempa sifuri. Ningerudi kulipima upya, ila mpwa amesafiri na laptopu yake mpaka Januari.

Ushauri wa watu ninao mwingi. Mwalimu mwenzangu wa TEHAMA anasema Windows 10 niliyonayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu yangu haina sifa za kupokea 11, kwa hiyo niweke Linux kabisa, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Darktable, RawTherapee na GIMP zote zinaishi huko, ila ya Canon na Lightroom hazina toleo la Linux. Mpwa anasema nisipoteze muda, nilipie, muda wa mwalimu nao ni fedha (hajawahi kuiona hati yangu ya mshahara). Mwingine kaniambia Affinity, programu nyingine ya picha, ambayo Waingereza walikuwa wanaiuza kwa malipo ya mara moja, ikanunuliwa na Canva mwaka 2024, na kuanzia Oktoba 2025 inatolewa bure ukijisajili. Sijaijaribu. Nina wasiwasi na bure ya kampuni kuliko bure ya wale wa kujitolea. Kampuni iliyobadili mawazo jana inaweza kuyabadili kesho. Niambie kama wasiwasi huo ni wa maana au ni ushamba.

Mume wangu yeye ana moja tu: mchagua jembe si mkulima. Na kwa kweli usiku mwingine naona ananipata. Wapo vijana hapa mjini wanaopiga kwa simu, wanahariri kwa simu, na picha zao za Kibo zinanizidi.

Kwa hiyo nisaidie. Kwa mtu wa picha labda mia tatu kwa mwaka, asiyeuza hata moja, hizo laki nne uziweke kwenye mashine au kwenye programu? Na kama ni mashine, je, kwa gigabaiti 8 na SSD darktable itatembea vya kutosha mtu akaweza kujifunza bila kwenda jikoni kila kitufe, au najidanganya? Jambo la mwisho ni dogo lakini linaniumiza: picha ya majaribio niliyoichapisha studio ilitoka nyeusi kuliko ninavyoiona kwenye kioo. Kijana wa studio aliniambia kioo changu kimewekwa mwanga mkali mno, nikipunguze mpaka kilingane na karatasi nyeupe iliyowekwa kando yake. Nimepunguza. Je, hilo linatosha, au kuna kingine cha kufanya kabla sijachapisha kubwa?

Misa ni wiki ya Krismasi, na studio wanataka faili wiki mbili kabla. Nikishindwa kabisa nitapeleka ile ya Njiro, maana niliihifadhi kwenye flashi siku ile ya sita. Lakini ile niliifanyia uso tu. Mkono wenye kisu bado ni wa kijani.

Wako,
Mwalimu wa Biolojia, Moshi

N.B. Kraki usinishauri. Mtu anayenyang'anya watoto vibomu (vikaratasi vya kuibia mtihani) asubuhi hawezi kukaa na kibomu chake kwenye laptopu jioni.