Wanawake wakimbizi hawaji darasani, kwani mliwauliza?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba wanawake wakimbizi na wahamiaji wanafunguliwa madarasa ya bure alafu hawaji, eti hawana hamu ya kusoma. Mimi najitolea kufundisha lugha kwenye madarasa hayo hayo, na mwaka wa kwanza nilikuwa nasema kama yeye, kwa hiyo simlaumu sana.

Tulikuwa na kila kitu, viti, ubao, madaftari, na tuliweka darasa jioni kwa sababu sisi walimu ndo tunatoka kazini jioni. Wiki ya kwanza walikuja wengi, ya pili nusu, ya tatu nikabaki na mama mmoja mtu mzima ambaye wanawe wameshajitegemea. Nikaanza kulalamika mbele yake, akacheka weee, akaniambia mwanangu, saa hii wenzangu wanapika na kuogesha watoto, na kurudi usiku peke yao wanaogopa, kwani uliwauliza? Sikuwauliza, hakuna aliyewauliza.

Basi tukahamishia asubuhi watoto wakubwa wakiwa shule, wadogo tukawatafutia chumba cha pili, na mmoja wa wanawake wenyewe akawa analipwa kuwashika (nasema analipwa, maana kuna ile tabia ya kuona muda wa mkimbizi ni wa bure, kila siku yeye ndo aombwe kujitolea). Darasa likajaa, mwalimu yule yule na vitabu vile vile.

Kosa lingine nililifanya kwa kuwapanga wote pamoja. Kuna aliyekuwa mkunga miaka na miaka huko kwao na kuna ambaye hajawahi kushika kalamu kwa lugha yoyote, wote nawakalisha benchi moja tunaimba a e i o u, mkunga wa watu anaangalia dirishani tu. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unagusa hadi suala la kutambua vyeti vya masomo vya nje, lakini wengi wao hata hawajui kama kuna ofisi ya kupeleka hivyo vyeti, wanaishia kufagia. Nikaona bora nusu saa moja kila wiki tuache sarufi tujaze fomu za kweli.

Lakini kilichonisukuma kuandika hasa ni suala la ukalimani. Mwanamke anaenda kliniki hajui lugha, anayemsaidia ni mwanawe wa miaka tisa kwa sababu mtoto ameshika lugha haraka shuleni, daktari anauliza unaumwa nini, mama anatokwa damu siku nyingi lakini atamwambiaje mtoto wa kiume aseme hilo, anasema kichwa. Anapewa dawa ya kichwa anarudi nyumbani. Hii nimeisikia darasani siyo mara moja, wanasimulia huku wanacheka lakini si ya kucheka, na mtoto naye anakosa shule siku ya kliniki, anabeba siri za watu wazima.

Mume akiwa ndo mkalimani ni mbaya zaidi, kwa sababu kama kuna kipigo nyumbani basi anayetafsiri ndo huyo huyo anayepiga. Kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi, maelezo ya mke yanamezwa na ya mume, anaandikwa kama kiambatisho. Ule mkataba wa 1951 unataja rangi, dini, utaifa, kundi fulani la kijamii na msimamo wa kisiasa, jinsia haimo, ndo maana mwaka 2002 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikatoa mwongozo kwamba mateso ya kijinsia nayo yanaweza kumpa mtu ukimbizi, na kwamba mwanamke ahojiwe peke yake bila wanaume wa familia kuwepo. Sasa niambieni, ni wangapi wanajua wanaruhusiwa kuomba mkalimani mwanamke? Niliposema darasani kukawa kimya, alafu mmoja akauliza kama bado hajachelewa, kesi yake ilishapita.

Na vitambulisho jamani. Itifaki ya Maputo ya 2003, ile ya Afrika kuhusu haki za wanawake, kifungu cha 4, inasema wazi mwanamke mkimbizi apewe kitambulisho na hati zake mwenyewe. Kwa sababu akiwa kwenye karatasi za mume tu, laini ya simu hasajili, akaunti hafungui, na siku wakigombana anaambiwa nikikuacha utarudishwa kwenu, anaamini. Ulaya waliliona hilo, Mkataba wa Istanbul wa 2011, wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, una kifungu cha 59 kinachompa mwanamke wa namna hiyo njia ya kuomba kibali chake kama ndoa imevunjika katika hali ngumu (ingawa Uturuki yenyewe, yenye huo mji wa Istanbul, ilijitoa 2021). Sheria za kila nchi ni tofauti, na hapo ndipo ninapokwama, mimi ni mwalimu wa lugha si wakili, tunamhitaji mtu wa sheria aje hata mara moja kwa mwezi akae nao bila waume mlangoni. Kama kuna mwanasheria anasoma barua hii, mhariri anajua atanipataje.

Na yule msomaji wenu namkaribisha. Tunaanza saa tatu asubuhi, chumba cha watoto kina watoto kumi na wawili na mtu mmoja tu wa kuwashika, aje amsaidie.

Mwalimu wa kujitolea
(jina mnalo)