Shoga, pamba usiipandishe Njombe

Kikwajuni, Unguja

Kwa shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, hatujambo, wasiwasi wetu ni wewe unayehamia Njombe, huko bara, kukaa na baridi. Mama anakusalimu sana na anasema ukifika usiache kifua wazi. Watoto nao wanakusalimu, mdogo anauliza kama Njombe kuna bahari.

Ujumbe wako umenifika na pesa ya vitambaa nimeipata. Unataka nikushonee magauni manne ya pamba nzito, mikono mirefu, na fulana za ndani za pamba pia, kwa sababu umeambiwa vitu vya plastiki havifai kuvaliwa mwilini. Shoga, pesa ipo na cherehani ipo, lakini mkasi sishiki mpaka uisome barua hii na unijibu. Ungekuwa unahamia Chake Chake, Pemba, kwenye joto kama letu, ningekwisha kukata zamani.

Kwa hapa kwetu sina ubishi na wewe hata kidogo. Kaskazi likishika, hewa yenyewe imeshiba maji, jasho halina pa kwenda. Pamba inalinywa, inalitandaza kwenye kitambaa, na kila linapokauka linaondoka na joto kidogo la mwili. Uzi wa pamba ukikaa kwenye hewa ya kawaida tu hubeba maji kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake, na ukiushika utasema mkavu. Polista haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana ukishuka daladala Darajani saa saba mchana na dera la polista, limekuganda mgongoni utadhani umemwagiwa ndoo.

Na siku hizi udanganyifu wa polista umeingia mpaka kwenye kanga. Wifi yangu kanunua doti Mchangani, rangi zinang'aa, jina zuri, bei rahisi. Kamtoa mtoto majini, kamfunga. Maji yakasimama mgongoni mwa mtoto vitone vitone, kanga inateleza juu yake, mtoto analia. Tukachukua upande wa kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imelegea, ikamkausha mara moja. Nikachomoa nyuzi mbili kwenye pindo la ile mpya, nikawasha kiberiti mbele yake. Uzi haukushika moto kama uzi. Ulirudi nyuma kwanza, ukajikunja, ukayeyuka, moshi mweusi, halafu ikabaki shanga ndogo nyeusi ngumu, ukiibonyeza kwa kucha haivunjiki. Uzi wa ile kuukuu uliwaka upesi kwa moto wa manjano, ukanuka karatasi, ukaacha jivu laini la kupeperuka. Wifi alikasirika mpaka akataka kurudi dukani na kile kishanga mkononi.

Jaribio hilo lijue, litakusaidia kwenye mitumba. Sufu ukiichoma inanuka nywele zilizoungua, inawaka kwa uzito, na ukiutoa moto nayo inazimika yenyewe. Ila usidanganyike na viskosi. Ile inatokana na miti, imesagwa na kupikwa kwa dawa mpaka ikawa uzi, basi inaungua kama pamba na kunuka kama pamba. Madera mengi laini yanayomwagika vizuri ni viskosi. Si mbaya kwa joto, lakini ikirowa inakuwa dhaifu, ukiikamua kwa nguvu inachanika.

Lakini sasa tuambizane kweli. Sisi tunaosema pamba, pamba, tukitoka nje tunajifunika nini? Baibui. Na vitambaa vyake, nida ni polista, krepu nyingi ni polista, na hakuna anayelalamika. Nimewahi kumshonea mteja baibui la pamba kwa kulazimishwa. Baada ya kufuliwa mara chache limekuwa la kijivu, na akikaa kitako akiinuka limejaa makunyanzi. Polista inashika weusi, haikunjiki, inakauka usiku mmoja hata masika. Kila uzi una mahali pake, na mimi fundi sina mapenzi na uzi wowote zaidi ya kazi yake.

Haya, Njombe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Juni na Julai, wakati sisi huku tunafurahia kipupwe na kuvaa kisweta cha mapambo, kule usiku ni baridi ya kutetemesha meno, na kwenye nyanda za juu zaidi kama Kitulo asubuhi majani yana jalidi, ile barafu nyembamba. Halafu kuna ukungu na manyunyu. Mji wenyewe milima mitupu. Utapanda kilima na mkoba wako, utatoka jasho, ndiyo, kwenye baridi hiyohiyo utatoka jasho. Ukifika juu ukasimama kungoja gari, gauni lako la pamba nzito limekwisha kunywa jasho lote na manyunyu juu yake. Hapo ndipo pamba inapokugeuka. Kinachokupasha joto si kitambaa, ni hewa iliyotulia ndani ya kitambaa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa hiyo. Pamba ikirowa nyuzi zake zinalala, hewa inatoka, maji yanakaa mahali pake, na kwa ule unyevunyevu hutaiona ikikauka leo wala kesho. Ule uzuri unaoupenda Unguja, wa kukupoza, hauzimiki kwa sababu umevuka bahari. Utakupoza na kule. Waongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro wanawakataza watu kupanda na jinzi na fulana za pamba kwa sababu hiyo hiyo, na pamba nzito ndiyo mbaya zaidi maana inabeba maji mengi zaidi.

Kwa hiyo inayogusa ngozi iwe sufu nyembamba, au polista ile ya michezo. Fulana za kuchezea mpira zile anazovaa kaka yako, usicheke. Hazinywi jasho, zinalisukuma nje, nawe unabaki mkavu. Juu yake sweta au flisi, ile ya polista yenye manyoya laini. Juu kabisa jaketi la nailoni la kuzuia upepo na manyunyu, kwa sababu flisi peke yake upepo unapita kama dirisha halina kioo. Miguuni skintaiti nzito chini ya gauni, hakuna atakayeona, na soksi za sufu.

Sufu ndiyo bingwa wao wote, Mungu kaiumba kwa kazi hiyo. Nyuzi zake zina mawimbi, zinashika hewa zenyewe. Inaweza kubeba unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, na hata ikilowa bado inabaki na ujoto kidogo. Haishiki harufu upesi. Polista inashika, hilo nakwambia mapema: jasho la polista lina shombo lake, hata ukifua linarudi ukishapata joto, kwa hiyo fulana za michezo fua kila ukivaa. Ubaya wa sufu ni bei na ukorofi wa kufua. Maji ya baridi, sabuni laini, usisugue, usikamue kwa kusokota, usianike kwa kuning'iniza. Ilaze juu ya taulo. Ukiitia maji moto itasinyaa mpaka imtoshe mwanangu. Na nondo wanaipenda. Weka karafuu ndani ya sanduku kama walivyofanya mabibi zetu, nitakutilia pakti moja kwenye mzigo.

Usinunue sufu dukani, itakumaliza pesa. Nenda kwenye mitumba, na kule bara ndiyo imejaa. Ila sweta nyingi zinazofanana na sufu ni akriliki, uzi wa kiwandani tu. Inapasha joto, sikatai, lakini baada ya muda inaota vipele na haina nguvu ya sufu ikirowa. Geuza sweta, tafuta lebo kwenye mshono wa ubavuni, soma asilimia. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja, toa kiberiti. Muuza akikuzuia, ondoka.

Sasa hilo la plastiki. Ni kweli, siwezi kukuficha. Polista ni kitu kilekile cha chupa ya maji ya kunywa. Kuna kampuni ya Marekani, Patagonia, tangu mwaka 1993 inatengeneza flisi kwa chupa zilizotumika. Na kila ukiifua flisi inatoa vinyuzi vidogo visivyoonekana, vinakwenda na maji machafu mpaka baharini, na sisi watu wa visiwani hilo si la kulifanyia mzaha. Kwa hiyo nunua moja nzuri, usinunue tano, na usiifue kila siku. Yenyewe haigusi ngozi. Lakini kukwambia uvae pamba iliyorowa kwenye ukungu utetemeke kwa ajili hiyo, sitakwambia.

Nikupe na kisa kimoja ucheke, maana unajua nikianza kusoma mambo ya vitambaa silali. Unaikumbuka historia tuliyosomeshwa skuli, mkataba wa Seyyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833? Balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, alifika hapa mwaka 1837, mtu wa Salem, jimbo la Massachusetts. Merikebu za Salem ndizo zilizotuletea melikani, pamba ile nzito isiyotiwa rangi, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Misafara ikabeba melikani mpaka bara, ikawa ndiyo pesa ya njiani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikaikata, wakaingia Waingereza na Wahindi na vitambaa vyao. Basi flisi nayo imetoka hukohuko: kiwanda cha Malden Mills, mji wa Lawrence, si mbali na Salem, mwishoni mwa miaka ya 1970. Na polista yenyewe waliivumbua Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, mwaka 1941, waajiriwa wa kampuni ya Manchester iliyokuwa ikichapa nguo za pamba! Wauza pamba wenyewe walikwisha jua pamba haitoshi kila mahali, sembuse wewe na magauni yako manne.

Jambo moja sitaki ulifanyie uvivu. Watu wa baridi hukaa karibu na moto. Ukiwa jikoni, au umekota moto, vua flisi, vua na jaketi la nailoni. Hizo haziungui tu, zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi, na kidonda chake ni kibaya. Hapo ndipo ufunge kanga yako ya pamba au ujitande shali la sufu. Ukifukiza udi pia, nguo ya polista usiitandike karibu na chetezo, cheche moja inatosha kuiacha na tundu. Na hilo jiko la mkaa usilale nalo chumbani mlango umefungwa, hata iwe baridi namna gani. Ule moshi usioonekana unaua watu usingizini.

Basi nataka kufanya hivi, nawe useme ndiyo au la. Magauni ya pamba nitashona mawili tu, ya kuvaa ndani ya nyumba siku za jua na ya kujia nyumbani Sikukuu. La tatu nitalishona kwa kitambaa cha suti, mchanganyiko wa sufu na polista, nimekiona jora zuri la rangi ya kahawia Mchangani. Polista itakiongezea nguvu kisichanike upesi, sufu itakupa joto. Nitakitia bitana laini isikuwashe. Pesa ya gauni la nne nakurudishia, ununue flisi na jaketi ukifika, kwa sababu huku kwetu utauziwa vya mapambo. Kanga nitakutilia doti tatu, zote nimeshachoma uzi. Za kulalia hizo, na za kujifutia. Ukishaingia chini ya blanketi huku mkavu, pamba haina ubaya wowote.

Kipimo ulichonitumia kilichukuliwa juu ya dera jepesi. Hakifai. Vaa sweta nene kabisa unaloweza kuliazima, juu yake jaketi, halafu mwambie dada yako akupime upya: kifua, kwapa, mkono mpaka kwenye kifundo. Kwapa ndilo muhimu zaidi. Likibana utashindwa kuvaa kitu chini. Nitumie namba hizo kabla ya Alhamisi, maana shemeji anavuka Dar na boti ya Ijumaa asubuhi na ndiye atakayeukabidhi mzigo kwa basi la Njombe.

Msalimie mama na wote hapo nyumbani.

Mimi shoga yako,
Mama Nassor