Skana Ikisema Boksi ya Injini Haipatikani, Usikimbilie Kununua Nyengine

Wateja wengi wanatufikia gereji wakiwa washaambiwa kwengine kuwa boksi ya injini, yaani kompyuta yake, imekufa itafutwe ya eks-Japani, na wengine washainunua kabisa wanayo mkononi. Tunakuomba kabla hujatoa pesa yako usome hapa kidogo, manake mara nyingi tukipima tunakuta boksi iko nzima na kilichokufa ni waya, fyuzi ama erthi. Na boksi ya kuokota kwa gari nyengine mara nyingi haiwashi gari yako hata ukiifunga, kwa sababu imobilaiza, ile kinga ya wizi, haitambui ufunguo wako mpaka ipangwe upya, hapo ushalipa mara mbili na taa za onyo kwa dashibodi bado zawaka.

Gari za siku hizi hazina kompyuta moja. Injini ina boksi yake, gia ina yake, ABS ya breki, stering ya umeme, eabegi, dashibodi, kila mmoja na yake, na zote zinaongea kwa waya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mtandao huo unaitwa CAN, Bosch wa Ujerumani waliutoa mwaka 1986 na mpaka leo ndio uko kwa gari nyingi barabarani. Ni kama redio za askari, anaongea mmoja, wote wanasikia, na kila mtu anachukua linalomhusu. ABS ikitangaza mwendo wa magurudumu, dashibodi inachukua isogeze mshale na gia inachukua ijue ibadilishe wakati gani. Ndio sababu waya hizo mbili zikigusana mahali padogo tu unaona taa zimewaka zote kwa mpigo, mshale wa spidi umelala, stering nzito, na pengine stata haipigi kabisa.

Hapo skana, kile kifaa cha kusoma makosa ya gari, itakupa namba za makosa zinazoanza na herufi U, mfano U0100. Watu wengi wanapotezwa hapa. U0100 haisemi boksi ya injini imeharibika, inasema kuna boksi nyengine ilikuwa yangoja ujumbe kutoka kwa injini na haukufika. Kwa hivyo swali letu la kwanza ni nani analalamika na analalamikiwa nani. Kama boksi zote zinamlilia mmoja, twaenda kwa huyo mmoja tuangalie fyuzi yake, moto wake, erthi yake na waya unaoingia kwake. Kama kila mmoja anamlilia mwenzake basi laini nzima ina shida. Na kama skana yenyewe haishiki gari kabisa, twaanza pale pale kwa soketi chini ya stering, pini 16 iwe na moto wa betri na pini 4 na 5 ziwe na erthi.

Betri pia tunaipima mapema sana, usishangae. Betri iliyochoka ikianguka volti wakati wa kupiga stata, boksi zinazimika kidogo na kuacha namba za U chungu nzima, na gari haina ubovu mwengine wowote.

Baada ya hapo ndio mita. Tunatoa betri, tunaweka mita kwa pini 6 na 14 za ile soketi, na laini nzima inafaa kusoma karibu na omu 60, kwa sababu kila mwisho wa laini kuna rezista, kidude cha kuzuia umeme, ya omu 120 na ziko sambamba. Ukipata 120 ujue upande mmoja umekatika. Ukipata sifuri ama karibu yake, waya mbili zimeshikana. Ukipata kama 40, kuna mtu ameongeza kitu chenye rezista yake. Kisha tunachomoa boksi moja moja huku jicho liko kwa mita, lakini hapa pia kunataka utulivu, kwa sababu ukichomoa ile boksi yenye rezista ndani, mita itaruka 120 na hiyo ni kawaida yake, fundi asiyejua anasema ameuona ugonjwa. Gari nyingi za Kizungu nazo zina boksi iliyo kama geti la mtandao (gateway) inayotenga soketi na mitandao ya ndani, hizo lazima tufungue na kupima huko huko ndani.

Kuna teksi ya Kijapani ililetwa kutoka Bamburi, Mombasa, taa zinawaka mchana tu, asubuhi iko sawa. Mwenyewe alishaambiwa ni boksi ya injini. Asubuhi mita ilisoma 60 safi, tukaiwasha na esi tukaiacha, halafu tukapima tena huku twatikisa waya, ikawa yarukaruka 60 na 120. Tukainua zulia upande wa abiria, limeloa chapachapa, paipu ya kutoa maji ya esi imeziba na maji yote yanamwagika ndani juu ya konekta. Pini zimeota kijani. Tukabadilisha pini, tukazibua paipu, na boksi ikabaki ile ile ya tangu Japani.

Hapa kwetu hii ni kawaida sana, chumvi ya bahari hewani, joto, esi mwaka mzima, na mvua za masika barabara zikijaa maji. Ongeza na watu wa kufunga traka na alamu wanaochuna waya yoyote wanayoipata na kuizungushia tepu. Waya za CAN zinataka solda na mpira unaonywea ukipashwa joto, na msokoto urudishwe vile ulivyokuwa, manake ule msokoto ndio unaozuia kelele za umeme kuingia.

Kwa hivyo bei yetu ya kupima ni mbali na ya kutengeneza, na pengine gari itashinda kwetu siku nzima. Ukija tuambie shida ilianza lini, kama gari ilipita maji, ilibadilishwa redio ama ilifungwa traka. Na tafadhali usikubali mtu azifute zile namba kabla hujatufikia, tunazihitaji zote.