Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar: maji ya mwani yamehamia kusikofika miguu yetu

Mheshimiwa Waziri,

Asalaam aleykum.

Nakuandikia kutoka Jambiani, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, na siku za bamvua, maji ya bahari yanapokupwa sana, ni mkulima wa mwani. Ualimu niliusomea, mwani nimeurithi kwa mama, na ndio ulionisomesha. Mama alifunga kamba yake ya kwanza mwaka 1990, mwaka mmoja baada ya kilimo cha mwani cha biashara kuanza hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Paje. Sare zangu, madaftari, nauli ya kwenda mjini, hadi mabati ya nyumba tunayolala leo, vyote vimetoka baharini.

Naandika hadharani kwa sababu katika kila mkutano tunaoitwa, swali la kwanza ni magunia mangapi tumevuna. Sijawahi kusikia mtu akituuliza maji yana joto gani. Na mimi naamini habari yote ya mwani leo imo ndani ya swali hilo la pili.

Huenda ofisini kwako zimefika ripoti nyingi kuhusu zao hili, la tatu kwa kutuletea fedha za kigeni baada ya utalii na karafuu. Niruhusu nikueleze linavyoonekana na aliyeinama juu yake. Shamba letu ni vigingi viwili na kamba kati yake. Kwenye kamba tunafunga vipande vya mbegu kwa taitai, yaani vijikamba vyembamba, kimoja baada ya kingine, maji yakiwa yamekupwa. Mambo yakienda sawa, baada ya siku kama 45 tunavuna, tunabeba, tunaanika. Kilo saba au nane za mwani mbichi zikikauka zinabaki kilo moja. Ndiyo maana utawaona kina mama wa huku wana migongo iliyozeeka kuliko nyuso zao.

Kazi hii yote hufanyika ndani ya mwamba. Mwamba uko mbali kule mawimbi yanakopasukia, na baina yake na kijiji kuna maji ya kina kifupi. Bamvua likikupwa sana, maji yanabaki ya magoti, mahali pengine ya vifundo vya miguu. Zamani hilo ndilo lililokuwa jambo zuri, kwani mwanamke aliweza kulima bahari bila chombo, kwa miguu yake, mtoto akiwa amekaa kwenye mchanga anamwona. Sasa limegeuka. Maji kidogo yakipigwa na jua la kaskazi yanapata moto haraka, na hakuna mkondo wa kuyachanganya na yale ya nje. Mwezi wa pili na wa tatu, kuna saa ambazo ukiingiza mguu unahisi kama umeutia kwenye beseni la kuogeshea mtoto mchanga.

Mwani haustahimili hayo. Unaanza ncha za matawi, zinapoteza rangi, zinakuwa nyeupe na laini, ukizigusa zinakatika. Baada ya siku chache kamba iko tupu, na mbegu imekwenda na maji. Usipokufa kwa weupe huo, unavamiwa na nyuzinyuzi zinazouzonga kama nywele. Mkulima akiona dalili anakimbilia kuvuna kabla ya siku zake, anapata mwani mchanga, mwepesi, wa bei ya chini.

Tulianza kupoteza aina ya mwani iitwayo kotonii, ule mnene wenye bei. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza kufa huku kwetu, na watoto ninaowafundisha leo hawajawahi kuuona kwenye kamba za mama zao. Tukabaki na aina ya pili, spinosamu, ambao ni mvumilivu zaidi lakini mnunuzi anaulipia kidogo. Kisha ilipofika 2011, na huo nao ukaanza kufa katika miezi ya joto.

Wengine wanasema wanawake wamekuwa wavivu, kwamba wameacha mwani kwa sababu ya hoteli. Mheshimiwa, nakuomba usiyaamini maneno hayo. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari, amepima maji haya kwa miaka mingi, na aliyoyaeleza ndiyo tunayoyahisi miguuni. Mwani wetu hupenda maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Kwenye mashamba ya kina kifupi joto sasa linapita nyuzi 33. Hakuna bidii ya mkono inayoweza kupunguza nyuzi tatu.

Wala joto hilo halikuanzia Jambiani. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo gesi za viwanda na magari zimelizuia duniani limemezwa na bahari, na Bahari ya Hindi ni miongoni mwa zile zinazopata joto kwa kasi. Huku kwetu, mama yangu hajawahi kumiliki hata pikipiki. Najua wewe na wenzako mnalisema hilo katika mikutano ya kimataifa, na mnafanya vyema kulisema. Lakini ninalokuja kukuomba ni dogo zaidi na liko ndani ya uwezo wa wizara yako.

Maji yanayoufaa mwani bado yapo, ila yamehama. Yako mbele zaidi, kwenye kina ambacho hata maji yakikupwa bado yanamfika mtu mzima juu ya kichwa, na mkondo unapita mchana na usiku. Kotonii ikipelekwa huko inakua. Kamba za kawaida huko hupigwa na mawimbi na mwani ukakatika, ndiyo maana Dk. Msuya akaleta neti za mirija, ambazo mbegu hukaa ndani yake na matawi yakachomoza nje. Kina mama wa kijiji cha Muungoni, hapa Unguja, wamezijaribu. Kwa hiyo njia inajulikana. Tatizo ni nani anaweza kuipita.

Kwetu, bahari ya mwanamme ni ya chombo na bahari ya mwanamke ni ya miguu. Mtoto wa kiume anajifunza kuogelea kabla hajajifunza kusoma. Anatupwa kutoka kwenye ngalawa na kaka zake na anatoka anacheka. Mtoto wa kike anaambiwa atoke majini avae vizuri. Mimi nina miaka 43, nimeingia baharini maelfu ya mara, na siwezi kuogelea. Mama hawezi. Katika kikundi chetu cha wanawake 18, wanaoweza ni wawili.

Mwaka juzi tulijaribu wenyewe kusogeza kamba. Tuliazima dau, tukaenda mpaka pale rangi ya maji inapobadilika. Mama yangu mdogo alishuka kwa kukisia kina, kama alivyozoea kushuka miaka 30, na miguu haikukuta mchanga. Tulimshika kitenge. Alikunywa maji mengi, akatapika ndani ya dau, na tulirudi nyumbani bila kufunga hata kipande kimoja. Hakutaka tulizungumze. Wiki iliyofuata alirudi kwenye maji ya magoti, kwenye kamba zake zenye mwani mweupe, akaendelea kufunga. Mimi nilikuwa pembeni yake na sikuwa na la kumwambia.

Basi ombi langu la kwanza, Mheshimiwa, ni mafunzo ya kuogelea kwa wanawake wanaolima mwani, kila shehia ya pwani, yakifundishwa na wanawake, kwa mavazi ya stara, kwa saa ambazo si za bamvua. Najua linasikika kama jambo dogo mno kwa wizara inayoshughulikia mambo makubwa ya bahari. Lakini bila hilo, neti zote mtakazonunua zitakuwa za mtu mwingine. Naliona linavyokuja: mwani utahamia kwenye kina, mwenye chombo ataufuata, mwekezaji atakodishwa eneo, na mwanamke aliyeianzisha kazi hii atabaki mchangani akilipwa kibarua cha kuanika.

La pili ni vyombo. Kikundi kimoja ninachokijua kilipewa boti yenye mashine na wafadhili. Nia yao ilikuwa njema. Lakini mashine ilikula mafuta kuliko faida ya mwani, ilipoharibika kipuri kikatakiwa kutoka mjini, na hakuna aliyekuwa amewafundisha wale kina mama hata kuiwasha, ikabidi wamtafute nahodha wa kulipwa. Leo imefunikwa turubai chini ya mkungu. Tunahitaji vyombo vyepesi, vipana, visivyopinduka mtu akivuta neti iliyolowa, ambavyo fundi wa hapa kijijini anaweza kuviziba. Tuulizeni kabla ya kuagiza. Wazee wetu wanaunda madau tangu enzi. Wanaweza kuunda na la mwani wakilipwa.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Bahari inagawiwa. Kila mwaka kuna ramani mpya: hapa pa hoteli, hapa pa michezo ya tiara za majini, hapa pa hifadhi, hapa pa mwekezaji wa majongoo bahari. Sipingi hata moja kati ya hayo kwa jina lake. Lakini kwenye ramani, sehemu ya kina isiyo na vigingi huonekana tupu, kwa kuwa sisi bado hatujafika. Naomba yatengwe maeneo ya kina kwa vikundi vya wakulima wa mwani sasa hivi, kwa maandishi, kabla hatujajifunza kuogelea. Tukisubiri mpaka tuweze kufika, tutakuta pana mwenyewe.

Na yatengwe penye mchanga. Hili nalisema kwa sababu sisi wenyewe tumekosea. Zamani tuling'oa majani ya bahari ili kusafisha mashamba, na vigingi vyetu vingi vilikatwa kwenye mikoko. Hatukujua kwamba tunavunja nyumba ya samaki kama tasi na changu wadogo ambao waume zetu waliwangoja wakue. Shamba la kina likiwekwa juu ya matumbawe, neti na nanga zitafanya uharibifu huo huo mara mbili. Mwamba wetu umeshateseka vya kutosha. Mwaka 1998 joto la El Niño liligeuza matumbawe kuwa meupe karibu pwani yote ya Afrika Mashariki, na mengi hayakuamka. Mwaka 2024 weupe huo ulirudi, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoguswa. Mwamba ule ukimomonyoka, mawimbi yataingia moja kwa moja kijijini, na hapo hatutakuwa tena tunazungumzia mwani.

Wala usiambiwe kwamba wanavijiji hawawezi kusimamia maeneo watakayopewa. Kule Kisiwa Panza, Pemba, na hapa Unguja Kizimkazi, watu wamefunga miamba yao ya pweza kwa miezi kadhaa kwa hiari yao, wakalinda wenyewe, na siku ya kufungua wakatoa pweza wakubwa. Pweza hukua upesi mno, ukimwachia miezi mitatu tu unaiona tofauti kwenye mzani. Watu walioweza kuvumilia miezi mitatu bila kugusa kitoweo kilicho mbele ya nyumba zao wanaweza kuaminiwa na eneo la mchanga lenye kina.

Jambo la mwisho halina gharama kubwa. Wavuvi wanatangaziwa redioni upepo na mawimbi na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Sisi hatutangaziwi kitu. Pima joto la maji katika vijiji vichache vya mwani, Unguja na Pemba, kila bamvua, na litangazwe. Hata wanafunzi wangu wa darasa la sita wanaweza kusoma kipimajoto na kuandika. Mkulima akijua wiki hii maji yatapanda, atavuna mapema na kuokoa mbegu, badala ya kuikuta imekwenda. Kiwanda cha Chamanangwe kule Pemba, ambacho sote tunakiombea kheri, kitataka mwani kila mwezi, na mwani hautapatikana kila mwezi kama hatujui ni mwezi gani utakufa.

Mheshimiwa, nakualika Jambiani. Usije kwenye sherehe, na usije maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakijaa kila kitu huku ni kizuri. Njoo mwezi wa pili, siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, maji yanapokupwa karibu na saa sita mchana. Vaa viatu vya mpira, maana mawe yanakata. Tutatembea pamoja mpaka kwenye kamba za mama, kama dakika 20 kutoka mchangani, nawe utavua viatu usimame hapo kidogo miguu ikiwa ndani ya maji. Kisha nitakuonyesha kwa kidole pale rangi inapobadilika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu na mkulima wa mwani,
Jambiani, Unguja