Shukrani kwa mama wa kiti cha dirishani

Mama yangu, ulishuka Igawa kabla sijakuuliza jina. Ilikuwa mwezi wa sita, kosta ya Makambako–Mbeya imejaa, na kila uliposema neno nilijibu "eti?" mpaka ukaamua kunisemeza sikioni.

Miezi minne nilikuwa natibiwa masikio tu. Matone, vidonge, sindano. Usaha ukikauka unarudi, na kusikia kunapungua. Baridi hiyo, niliambiwa. (Huku kwetu kila kitu ni baridi.) Wewe ndiye uliyeona leso yangu ina damu ya pua, ukauliza kama viungo vinauma na macho yamekuwa mekundu tangu lini. Kisha ukasema: "Mwanangu, hilo si la sikio peke yake. Kapime damu na mkojo."

Nilipima. Mkojo niliouona msafi ulikuwa na damu na protini. Daktari akanieleza kuwa kinga ya mwili wangu inashambulia mishipa midogo ya damu, inavimba, na ugonjwa huo hupenda pua, masikio, mapafu na figo. Figo, mama! Na mimi nahangaika na matone.

Sasa natumia prednisoloni na dawa nyingine ya kutuliza kinga. Figo zimewahiwa. Sikio la kulia maji yameisha, hata jogoo wa jirani ananikera tena. La kushoto neva imeumia, na daktari hakuniahidi kitu.

Ukipita sokoni Uyole, ulizia muuza viazi asiyesikia kushoto. Debe lako lipo.