Yah: Malalamiko Kuhusu Bloku ya Injini ya 1HZ Iliyouzwa kwa Maelezo Yasiyo ya Kweli

Karakana, Chikongola,
Mtwara.
18 Agosti 2025

Mkurugenzi wa Mauzo ya Vipuri,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa injini za dizeli hapa Mtwara mjini. Tarehe 23 Juni mwaka huu nilinunua kwenu bloku mpya (gogo la chuma lenye silinda) ya injini ya Land Cruiser 1HZ kwa shilingi 6,800,000, na nakala ya risiti nimeiambatisha. Katika bei hiyo mlinipunguzia shilingi 900,000 kwa kuchukua bloku kuukuu ya mteja wangu, na hapo hasa ndipo uchungu wa barua hii ulipo.

Gari ni la mama mmoja anayebeba korosho kutoka vijiji vya Tandahimba hadi maghalani, naye alitaka lifungwe turbo, yaani pampu ya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, ili lisilemewe likipanda uwanda wa Makonde na mzigo. Nilimweleza mapema kwamba 1HZ ilitoka kiwandani kwa Toyota bila turbo. Kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni ni milimita 94 kwa 100, sawasawa na ndugu yake 1HD-T aliyezaliwa na turbo, lakini mgandamizo, yaani kiasi pistoni inavyoibana hewa, wa 1HZ unazidi 22 kwa 1 ilhali wa 1HD-T ni 18.6 kwa 1. Hewa inayobanwa hivyo haivumilii kuongezewa sana, kwa hiyo tulikubaliana shinikizo la turbo lisizidi baa 0.5. Hata kiasi hicho si kidogo, maana silinda hupokea hewa inayokaribia mara moja na nusu ya ile iliyozoea, na nguvu inayotaka kuinua hedi (kifuniko cha juu cha injini) na kutanua kuta za silinda huongezeka pamoja nayo. Bloku ikiwa dhaifu, ringi hushindwa kuziba, gesi huvujia kwenye sumpu (beseni la oili chini), na gasketi ya hedi huungua kabla msimu haujaisha.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kubaki na bloku yake ya kiwandani, ambayo silinda ya 3 na ya 5 zilikuwa zimelika milimita 0.20 kwa juu, na ambayo ingetosha kuboriwa, yaani kupanuliwa silinda kwa mashine, hadi milimita 94.50 na kuwekewa pistoni za saizi hiyo. Mimi mwenyewe niliielekea njia hii. Chuma cha bloku kuukuu kimekwisha kupata moto na kupoa maelfu ya mara, mikazo iliyobaki ndani yake tangu siku ya kumiminwa imetulia, na ukikibori leo, duara litabaki duara. Injini ya turbo ya BMW iliyompa Nelson Piquet ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1983 ilijengwa juu ya bloku ya chuma ya M10, injini ya magari ya kawaida ya barabarani. Bloku ya kiwandani iliyo nzima si kitu cha kudharau.

Njia ya pili ilikuwa bloku mpya ya mtengenezaji mwingine. Sina chuki na bloku za namna hiyo, kwani iliyotengenezwa kwa uangalifu huwa na kuta nene zaidi na vishikio vya krankshafti vilivyo imara kuliko vya kiwandani, na kwa turbo yenye shinikizo kubwa ningeichagua bila kusita. Ndiyo maana nilimwandikia mhudumu wenu kwa WhatsApp, nikamuuliza ni nani aliyeimimina, kuta zake zina unene gani, na kama inafaa kwa turbo. Alinijibu kwa maandishi kwamba ni ya kiwandani halisi na imeongezwa unene kwa ajili ya turbo. Majibu hayo mawili hayakai pamoja, kwa kuwa kiwanda hakikuifunga 1HZ turbo, na nakiri ningepaswa kuliona hilo siku ileile. Nilimwamini.

Bloku ilipofika nilianza kuisafisha. Nilipoingiza kidole kwenye njia za maji kilitoka na mchanga wa kalibu (umbo la kumiminia chuma), mweusi na mkavu, na nilipokwangua rangi ubavuni nikakuta mikwaruzo ya grainda mahali ambapo herufi za mmiminaji zilipaswa kuwepo. Mtu alikuwa amezifuta. Uso wa juu, ambao karatasi yenu inasema haupindi zaidi ya milimita 0.05, uliachana na rula ya chuma kwa milimita 0.14 katikati ya silinda ya 4 na ya 5. Kisha nikaazima kifaa cha kupimia unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, kile wanachotumia mafundi wa mabomba ya gesi huku kwetu. Ukuta wa silinda ya 2 ulikuwa milimita 6.7 upande mmoja na milimita 3.8 upande wa pili, na upande huo mwembamba ndio ambao pistoni huusukuma wakati wa mlipuko. Tofauti kama hiyo hutokea pale kiini cha mchanga kinapohama ndani ya kalibu wakati chuma kinamiminwa, na hakuna kubori wala kusaga kunakoweza kuirekebisha. Picha za vipimo vyote nimeziambatisha.

Silalamiki kwamba mmeniuzia bloku isiyo ya kiwandani. Nalalamika kwamba mlituondolea nafasi ya kuchagua, kwa kuiita bloku kitu ambacho sicho, huku mkichukua ile nzuri tuliyokuwa nayo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani.

Ninaomba nirudishiwe shilingi 5,900,000 nilizolipa taslimu, pamoja na shilingi 180,000 za lori, na zaidi ya yote ninaomba bloku kuukuu ya mteja wangu irudi Mtwara ikiwa haijakatwa wala kuuzwa. Namba yake iliyogongwa kiwandani imeandikwa kwenye hati yenu ya mapokezi. Msimu wa korosho unaanza Oktoba, na kuibori, kuipima na kuifunga kunahitaji wiki tatu.

Bloku yenu ipo juu ya mbao karakanani, nimeipaka oili isishike kutu, na mnaweza kutuma mtu aichukue siku yoyote ya kazi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

(Sahihi)
Fundi mkuu na mmiliki wa karakana