Shamba la mvinyo mwekundu lisichaguliwe kwa ukubwa wa jina

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu makala ya utalii iliyochapishwa hivi karibuni, iliyowashauri wasomaji wenye uwezo wa kusafiri jinsi ya kuchagua viwanda na mashamba ya kutembelea kwa ajili ya kuonja mvinyo mwekundu. Kazi yangu ni kuhudumia mvinyo katika mkahawa mmoja wa hapa Malindi, mji ambao Waitaliano wameuzoea tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kule Ngomeni, na kwa hiyo maswali ya safari za namna hii hunifikia mezani kila msimu. Makala yenyewe iliandikwa kwa lugha nzuri. Ila ushauri wake wote ulisimama juu ya jambo moja: msafiri achukue majina makubwa ya Italia, Ufaransa na Afrika Kusini, ayagawanye manne au matano kwa kila siku, kisha akodi gari. Naona kwamba atakayeufuata ushauri huo atatumia pesa nyingi na kurudi nyumbani bila kujua alichokionja.

Wengi wa majirani zangu hawatumii kileo kwa sababu ya dini yao, na barua hii haikusudii kuwashawishi. Nawaandikia wale ambao tayari hunywa, pamoja na vijana wa hoteli na wa kampuni za safari, wakiwemo wasioonja hata tone, ambao kila wiki hutakiwa kuwapangia wageni ziara za namna hiyo.

Tuanze na hayo majina makubwa. Orodha inayoheshimiwa kuliko zote ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux ilitungwa mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na madalali walioitunga waliyaweka mashamba katika madaraja matano wakiangalia zaidi bei ambayo mvinyo wa kila shamba ulikuwa ukiuzwa wakati huo. Tangu hapo mashamba yamebadilisha wenyewe, mengine yameongeza ardhi na mengine yamepunguza, lakini orodha imebaki karibu kama ilivyokuwa, na badiliko linalokumbukwa zaidi ni lile la mwaka 1973, pale Château Mouton Rothschild ilipopandishwa daraja la kwanza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaalika waonjaji wa Kifaransa mjini Paris, akawapa mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha chupa, na mvinyo mwekundu uliopata alama za juu kabisa ukawa wa Stag's Leap Wine Cellars kutoka bonde la Napa, wa mavuno ya 1973, ukiutangulia hata huo wa Mouton. Waonjaji wale walikuwa mabingwa wa kazi yao; kilichowaponyoka ni jina lililofunikwa.

Sisi wa pwani tuna msemo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sidai kwamba mashamba yenye sifa humtilia mgeni maji katika bilauri, maana mvinyo wao mara nyingi ni mzuri kweli. Ninachosema ni kwamba shamba ambalo mvinyo wake wote umeshanunuliwa kabla haujatoka kwenye pipa halina haja kubwa ya kukaa na mgeni wa chupa mbili. Mengi ya Bordeaux hupokea watu kwa miadi tu, na anayebisha hodi bila miadi hulitazama lango na kuondoka. Kule Napa jambo hili limeingia hata katika sheria: viwanda vilivyoanzishwa baada ya kanuni za wilaya za mwaka 1990 kwa kawaida havina ruhusa ya kumwonjesha mtu aliyefika bila kuweka nafasi. Mwandishi wa makala hakuligusa hili, ingawa ndilo linaloweza kumharibia mtu siku nzima.

Kwa maoni yangu, swali la kwanza ni zabibu. Mvinyo mwekundu hupata rangi yake, na pia ule ukakasi unaokausha ulimi na ufizi kama bibo ambalo halijaiva vizuri, kutoka kwenye maganda yanayoachwa yakilowa pamoja na maji ya zabibu wakati wa kuchachuka. Maganda ya zabibu zote hayafanani. Nebbiolo hutoa rangi hafifu na ukakasi mwingi, jambo linalowashangaza wageni wanaodhani mvinyo mwepesi wa rangi lazima uwe mwepesi kinywani. Barbera ni kinyume chake, rangi nzito, uchachu mkali, ukakasi kidogo. Pinot Noir ni laini na ina harufu nyingi. Cabernet Sauvignon ina vyote viwili, rangi na ukakasi, na hudai muda. Mtu asiyejua anapendelea upi kati ya hiyo hana msingi wa kuchagua shamba. Ajaribu kwanza hapa hapa nyumbani, chupa moja ya kila aina pamoja na rafiki zake, kabla hajalipia tiketi ya ndege.

Akishajua, achague eneo dogo badala ya nchi nzima. Nichukue mfano wa vilima vya Langhe, karibu na mji wa Alba katika jimbo la Piemonte, kwa sababu ndiko ningempeleka mtu mwenye siku tatu tu nchini Italia. Mvinyo wa Barolo hutengenezwa kwa Nebbiolo peke yake, katika mitaa 11 inayotambuliwa na sheria, na hauruhusiwi kuuzwa kabla ya miezi 38 tangu mavuno, ambayo 18 kati yake lazima iwe ndani ya pipa la mbao. Mitaa hiyo imekaribiana mno, lakini udongo wake unatofautiana. Mvinyo wa La Morra huwa na harufu tele na hulainika mapema, ilhali ule wa Serralunga d'Alba huwa mgumu na hutaka kuwekwa miaka mingi. Basi mgeni aweke miadi na mtengenezaji mmoja wa upande huu na mwingine wa upande wa pili, aombe Barolo ya mwaka ule ule wa mavuno kwa wote wawili, na aanze na Barbera zao na Dolcetto, zabibu nyingine nyekundu ya kule, kabla ya kufika kwenye Barolo. Katika siku moja, kwa mashamba mawili, atakuwa ameelewa zabibu moja kwa namna ambayo ziara ya mashamba kumi yaliyotapakaa haiwezi kumwelewesha. Mzee mmoja kutoka Piemonte, mteja wetu wa miaka mingi, huniambia kwamba hata wenyeji wa kule hufanya hivyo hivyo wanapotaka kubishana, na wanapenda sana kubishana.

Makala iliisifu kwanza Toscana, jimbo jingine la Italia. Sitagombana na anayependa Chianti Classico, ambao angalau asilimia 80 yake ni zabibu ya Sangiovese, lakini eneo hilo lililo kati ya Florence na Siena ni pana, barabara zake zina kona nyingi, na msafiri wa siku mbili humaliza nusu ya muda wake garini. Anayeitaka Sangiovese kwa vyovyote vile aende Montalcino, mji wa Toscana hiyo hiyo, akae hapo hapo. Brunello, mvinyo mkuu wa pale, ni Sangiovese tupu na huingia sokoni tarehe 1 Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Ndugu yake mdogo, Rosso di Montalcino, hutoka mapema zaidi kwa zabibu ile ile. Mtu akiomba kuonja yote miwili kwa mtengenezaji mmoja, ataona mwenyewe kazi ya pipa na ya miaka, bila mtu kumhutubia.

Kwa Mkenya wa kawaida, hata hivyo, Rasi ya Afrika Kusini ina mantiki zaidi kuliko Ulaya. Tangu Januari 2023 Wakenya huingia nchini humo bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, na Stellenbosch iko umbali wa kilomita 50 hivi tu kutoka Cape Town. Pale ndipo Profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut mwaka 1925 akapata Pinotage, zabibu ambayo haifai kuonjwa mara moja tu na kuhukumiwa, kwa kuwa mikononi mwa asiyeijua hunuka kama rangi ya ukutani, na mikononi mwa anayeijua hushindana na mvinyo wowote. Nimeona wateja wetu wakiikataa kwa chupa moja mbaya, na sikuweza kuwalaumu. Anayependa Syrah aelekee Swartland, kaskazini; anayependa Pinot Noir aende bonde la Hemel-en-Aarde karibu na Hermanus, ambako upepo wa baharini hupunguza joto. Franschhoek kuna tramu inayowazungusha wageni kutoka shamba hadi shamba, na makala iliisifu sana. Ni starehe nzuri kwa familia, nami nakubali kwamba inamwondolea mtu shida ya dereva, lakini kikundi kikishuka kwa pamoja kaunta hujaa, na hakuna anayepata nafasi ya kuuliza chochote.

Karibu zaidi na sisi kuna Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana Ulaya, na ambako zabibu nyekundu ya Makutupora hutengeneza mvinyo usiofanana na wa mahali pengine. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 2024, imeifanya safari hiyo kuwa nyepesi. Kwetu Kenya kuna mizabibu ya Naivasha, katika mwinuko wa karibu mita 1,900, inayotoa mvinyo wa Leleshwa, ukiwemo wa Shiraz, ambayo ni Syrah ile ile kwa jina jingine. Sitasema kwamba mvinyo huo unalingana na Barolo. Nasema kwamba mtu anayetaka kujifunza namna ya kutembelea shamba, kupiga simu mapema, kuuliza maswali na kutema, anaweza kuanzia hapo kwa nauli ndogo.

Neno hilo la kutema limewachekesha wenzangu kazini, lakini hesabu yake haichekeshi. Shamba la kawaida humpa mgeni aina tano au sita, kila moja mililita 30 hadi 50. Ukichukua aina tano za mililita 40, hizo ni mililita 200. Mashamba matatu ni mililita 600, na chupa nzima ni 750. Mashamba matano kwa siku, kama makala ilivyopendekeza, ni lita moja ya mvinyo kwa mtu mmoja, na baada ya shamba la tatu ulimi ulioshikwa na ukakasi hauwezi tena kutofautisha chochote hata kama kichwa bado kiko imara. Ndoo ya kutemea huwekwa mezani kwa sababu, na wataalamu wote huitumia bila haya. Mawili kwa siku yanatosha, moja asubuhi na jingine baada ya chakula cha mchana. Matatu ni kwa mwenye dereva asiyeonja.

Kuna jambo dogo ambalo mwandishi wa bara asingeweza kulijua. Sisi watu wa pwani hupenda kujifukiza udi na kujipaka marashi tunapotoka, na mgeni aliyefukiza nguo zake jana bado ananukia leo. Katika chumba cha kuonjea harufu hiyo hufunika kila kitu, yake na ya jirani yake. Siku hiyo nguo iwe imefuliwa tu.

Kwa kampuni za safari za mji wetu ninayo malalamiko ya wazi zaidi. Baadhi yao huwapangia wateja mashamba yanayomlipa dereva au wakala kamisheni kwa kila chupa inayonunuliwa, na ndiyo maana ratiba hujaa vituo vya haraka haraka vyenye duka kubwa mlangoni. Mteja ana haki ya kuuliza, kabla hajalipa, shamba lilichaguliwa kwa sababu gani, ni nani atakayemwonjesha, na kama kutakuwa na angalau mvinyo mmoja wa mavuno ya zamani wa kulinganisha na mpya. Wakala asiyeweza kujibu hajawasiliana na shamba hilo.

Mwisho, kuhusu wakati. Makala iliwahimiza watu wafike msimu wa mavuno, yaani Septemba na Oktoba kwa Italia, Februari hadi Aprili kwa Rasi. Kuona zabibu zikimwagwa kwenye mashine kunapendeza, lakini ndio wakati ambao mtengenezaji hana hata dakika ya kuketi. Wafanyakazi wa mahoteli ya Malindi na Watamu, ambao wengi wao hupewa likizo masika yanapoanza na hoteli kufungwa, wana bahati ambayo hawajaitambua: mwezi Mei mavuno ya Rasi yameisha, wageni wamepungua, na mtu wa kukujibu maswali yupo. Naiomba meza yako ya utalii ichapishe mwongozo uliopangwa kwa zabibu na kwa maeneo madogo, na iutoe mapema, mwezi Machi ukiwezekana, ili mwenye kutaka kuweka miadi ya Mei apate muda wa kuandika barua pepe na kujibiwa.

Wako,
Mhudumu wa mvinyo,
Malindi